Barua ya wazi kwa wenye dhamana Kigoma: yapimeni mafuta ya transfoma kabla hayajamwagwa

Waheshimiwa mnaosimamia umeme, mazingira, afya na kemikali katika Mkoa wa Kigoma,

Walionizidi umri, shikamooni. Walio wadogo zangu, marahaba.

Mimi ni fundi umeme mstaafu, mkazi wa Ujiji. Miaka thelathini na ushee nimevuta nyaya, nimesuka mota na kubadilisha mafuta ya transfoma, hapa kwetu na mikoa ya jirani. Sikuja kulalamikia bili wala kukatika kwa umeme; hayo najua mnayo mafaili yake. Nimekuja kuhusu mafuta ya transfoma, na sumu inayoweza kuwamo.

Juzi nilipita kwenye karakana moja pale Mwanga kumwona kijana anayenitengenezea geti. Mashine yake ya kuchomelea ni ile ya kusukwa mtaani: koili na chuma chake vimetumbukizwa kwenye pipa lililokatwa nusu, mafuta yamejaa hadi shingoni ili isiungue. Nati ilimponyoka, ikazama humo. Kijana akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono hadi kiwiko, akapapasa, akaitoa. Akajifuta kwa kipande cha kanga, akaokota muhogo wake wa kuchoma aliokuwa ameuweka juu ya tofali, akaendelea kula.

Nikamuuliza mafuta ameyatoa wapi. "Haya ya transfoma, mzee wangu. Orijino."

Transfoma ya wapi, hakujua. Aliyemletea hakusema. Pembeni lilikuwa limesimama dumu la njano la lita 20 lililoyaleta hayo mafuta, tupu, limepinduliwa lichuruzike. Alikuwa akilisubiri likauke alirudishe kwa shangazi yake, ambaye huuza mawese sokoni.

Simlaumu kijana yule, maana na mimi nimepitia njia hiyohiyo. Mwaka 1984, nikiwa kibarua kwenye kiwanda kimoja mkoa mwingine, tuliambiwa tushushe transfoma kuukuu iliyokuwa ndani ya jengo. Ilikuwa inavuja kwenye valvu. Chini yake, kwenye sakafu ya saruji, kulikuwa na kidimbwi, na kwa kuwa paa lilivuja pia, maji ya mvua yalikuwa yamechanganyika nacho. Kitu kilichonishangaza ni kwamba maji yalikuwa juu na mafuta chini. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona mafuta yakielea. Haya yalikuwa yamezama, mazito, meupe kama glisarini, na harufu yake kali kiasi, inayokaribia ile ya dawa ya nondo kabatini. Msimamizi wetu akawasha kibiriti na kukitumbukiza ili tuone. Kikazima. "Haya hayaungui," akasema, na kweli alikuwa akijivuna kana kwamba ameyatengeneza yeye.

Hakutuambia zaidi ya hapo. Glovu hatukupewa. Jioni kila kibarua aliondoka na chake. Mimi nilijaza kidumu cha lita tano nikaja nacho likizo, kwa sababu nyumbani mchwa walikuwa wameula mlango. Marehemu mama yangu aliufunga usinga kwenye kijiti, akaipaka fremu ya mlango wa mbele, mikono miwili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Kilichobaki tulikigawia majirani. Bibi mmoja alikuwa akijichulia magoti. Mchwa hawakurudi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kile kitu kinaitwaje, nilipopelekwa kwenye mafunzo. Ni PCB, kifupi cha jina la Kiingereza polychlorinated biphenyls. Kemia yake si ngumu kiasi hicho. Chukua pete mbili za kaboni, kila moja ina kaboni sita, zimeshikana mkono. Pembeni mwa pete hizo kuna nafasi kumi zilizokaliwa na haidrojeni. Ng'oa haidrojeni moja, weka klorini. Ng'oa nyingine, weka nyingine. Kutegemea ni klorini ngapi na zimekaa wapi, unapata aina 209 za kitu hicho. Kadiri klorini zinavyoongezeka ndivyo kimiminika kinavyokuwa kizito, kigumu kuungua na kigumu kuoza. Umeme hakipitishi. Joto hakikiharibu kirahisi. Asidi haikitishi. Kwenye maji hakiyeyuki ila kwa kiasi kidogo mno, lakini kwenye mafuta na shahamu kinaingia kama sukari kwenye chai.

Fundi yeyote akisikia sifa hizo atasema hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta, na ndivyo walivyosema wenzetu. Uzalishaji wa kibiashara ulianza Marekani mwaka 1929. Transfoma za ndani ya majengo, za melini, za migodini, mahali popote ambapo moto ungekuwa balaa, zilijazwa vimiminika vya aina hiyo. Vilitiwa pia kwenye kapasita, hata zile ndogo zilizokuwa ndani ya choki za taa ndefu za zamani. Inakadiriwa dunia ilitengeneza zaidi ya tani milioni moja kabla nchi nyingi hazijaacha, Marekani ikipiga marufuku mwaka 1979. Lakini transfoma haifi upesi. Iliyotunzwa vizuri hufanya kazi miaka arobaini, na ikichoka kwa mwenye nacho huuzwa au hutolewa msaada kwa asiye nacho. Sisi, kama mnavyojua, ndio mwisho wa reli. Kitu kikifika Kigoma hakina mbele pa kwenda.

Niseme na la upande wa pili, nisije nikaonekana mtia hofu. Transfoma nyingi mnazoziona kwenye nguzo zina mafuta ya kawaida yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, na nyingi za miaka ya karibuni hazina PCB. Si kila dumu la mafuta ya transfoma ni sumu ya aina hii. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Njia ya kwanza ya kujua ni kibao cha chuma kilichogongomelewa ubavuni mwa transfoma. Ukiona pameandikwa Askarel, Aroclor, Pyranol, Inerteen, Clophen, Pyralene au Kanechlor, hapo huhitaji kuuliza, ni PCB. Na kwenye sehemu ya upoozaji, transfoma ya mafuta ya kawaida huandikwa herufi zinazoanza na O, kama ONAN. Zile kuukuu zilizoandikwa LNAN, ile L ni ya kimiminika cha kutengenezwa, nayo ni ya kutiliwa shaka mara moja. Vijana wangu nimewafundisha hivyo. Ila vibao vingi hung'olewa, hupakwa rangi au huliwa na kutu, na hata kilicho safi kinasema transfoma ilizaliwa na nini. Iliwekewa nini baadaye, hakisemi.

Hapa nazungumzia dhambi yetu mafundi. Zamani tulikuwa na pampu moja na mpira mmoja. Leo unanyonya mafuta ya transfoma yenye PCB, kesho mpira uleule unajaza transfoma mpya iliyotoka kiwandani safi kabisa. Kilichobaki kwenye mpira kinatosha. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza upesi, unaweka mstari kwenye asilimia 0.005, yaani miligramu 50 kwa kilo moja ya mafuta. Nimewahi kuipiga hesabu hiyo kwa pipa la lita 200: inakuja kama gramu tisa, kijiko kimoja cha chai na tone juu yake. Kijiko cha chai kwenye pipa zima, na pipa hilo tayari limevuka mstari. Mafuta ya namna hiyo hayazami majini kama yale niliyoyaona 1984. Yanaelea, yananukia kama mafuta mengine, na yanawaka. Yale mazito ndiyo yanayojitangaza. Haya yaliyochafuliwa ndiyo yanayotuzunguka kimyakimya.

Mwalimu wa kemia anaweza kuwaambia kuna kipimo cha waya wa shaba: pasha waya, chovya kwenye mafuta, rudisha motoni, moto ukigeuka kijani kuna klorini. Ni kweli, ila namwomba asifanye hivyo na mafuta haya mbele ya wanafunzi. PCB ikiunguzwa kwa moto wa kawaida huzaa furani na dioksini, ambazo ni mbaya kuliko yenyewe. Kuiteketeza sawasawa kunataka tanuru maalumu la zaidi ya nyuzi 1,100. Sasa fikirieni wauza skrepa wetu wanaochoma koili za transfoma korongoni ili wapate shaba.

Madhara yake hayakutoka kwenye hadithi za vijiweni. Mwaka 1968 huko magharibi mwa Japani, kiwanda kimoja kilikuwa kinasafisha mafuta ya kula ya pumba za mpunga. Kilichokuwa kinayapasha joto ni PCB inayozunguka ndani ya mabomba. Bomba likavuja, PCB ikaingia kwenye mafuta ya kula. Kuku ndio waliotangulia: mapema mwaka huo walikufa kwa mamia ya maelfu baada ya kulishwa chakula kilichotokana na kiwanda hichohicho. Watu hawakusoma alama. Ilipofika Oktoba, familia nzima nzima zilikuwa na vipele vigumu vyeusi usoni na mgongoni visivyopona, macho yanatoa tongo, mikono inakufa ganzi. Watoto walizaliwa na ngozi iliyobadilika kuwa ya weusiweusi. Mwaka 1979 yaleyale yalitokea Taiwan kwa watu wapatao 2,000. Waliochunguza waligundua kuwa PCB ile ilikuwa imepashwa joto muda mrefu hadi ikazaa furani, na ndizo zilizofanya kazi kubwa ya kuumiza. Mkumbuke hilo mnapoiona mashine ya kuchomelea iliyochemka mchana kutwa.

Ubelgiji mwaka 1999 ni kisa kingine. Mafuta ya transfoma yaliingia kwenye shahamu iliyokusanywa ili itengenezewe chakula cha mifugo. Mayai yakakataa kuanguliwa, vifaranga vikafa, kuku wakaondolewa madukani. Waziri wa afya na waziri wa kilimo walijiuzulu, na mwezi huohuo chama tawala kikashindwa uchaguzi. Sikitaji kisa hiki kwa kejeli, Waheshimiwa. Nakitaja kwa sababu chanzo chake kilikuwa kidogo sana, na kilipita mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kupima.

Kinachofanya PCB iwe tofauti na sumu nyingine ni kwamba haiui kwa haraka. Anayekunywa dawa ya pamba anafahamika siku hiyohiyo. Hii inaingia kwenye shahamu ya mwili na kukaa humo miaka, inapita kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, kisha tena kwenye maziwa. Ini, tezi ya shingo, kinga ya mwili, ukuaji wa akili ya mtoto, vyote inavigusa. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wenzangu wa mwaka 1984 wapo waliougua ngozi na wapo waliotangulia mbele ya haki. Sisemi ni PCB. Hakuna aliyepima.

Na sisi tuna ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na limebeba karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, ng'ambo ya pili upande wa Kongo. Maji mengine yanaondoka kwa jua kuyakausha. Kinachoingia hukaa karne na karne. Sumu inayopenda shahamu haibaki kwenye maji: inashika matope na vijimea, vijidudu vinavila, dagaa wanavila vijidudu, mgebuka anakula dagaa, na kila hatua inajikusanya zaidi. Mwisho wa msururu huo ni sahani yangu na yenu. Makorongo ya Mwanga na Gungu mnajua yanamwaga wapi mvua ya masika inaponyesha.

Kwa nini nawaandikia sasa? Kwa sababu mkoa wetu umeishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, na gridi ilipofika ilikuja na mitambo mipya. Mipya ikifungwa, ya zamani inashushwa. Si ya shirika la umeme pekee: zipo transfoma za mashine za kukoboa, za pampu za maji, za misheni, za machimbo ya chumvi, za watu binafsi waliorithi bila kujua wamerithi nini. Zikishushwa zinasimama uani zikisubiri mnada, na usiku mmoja valvu inafunguliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Mkataba uliweka mwaka 2025 kuwa kikomo cha kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwaka ambao taka zake ziwe zimeshughulikiwa inavyotakiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003 ipo. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ipo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Sidai mtunge kitu kipya.

Ninachoomba ni transfoma isishushwe kwenye nguzo au kwenye msingi wake bila mafuta yake kupimwa kwanza. Kipimo cha awali hakihitaji maabara. Kuna vifaa vidogo vya mkononi: unatia mafuta kidogo kwenye kichupa, sodiamu inaing'oa klorini kutoka kwenye PCB, kisha rangi ya dawa inakwambia klorini imevuka kiwango au la. Ni dakika kumi. Kinaweza kukudanganya kwamba ipo kumbe ni chumvi au klorini nyingine, lakini ni nadra kukudanganya kwamba haipo. Yatakayoshukiwa tu ndiyo yapelekwe kwa Mkemia Mkuu kwa kipimo kamili. Yaliyopita, transfoma ipigwe alama ya rangi na tarehe. Yaliyoshindwa, nayo ipigwe alama, valvu ifungwe kwa lakiri, iwekwe mahali penye paa na sakafu ya saruji yenye ukingo. Na kwenye mnada, chombo kiuzwe kikiwa kikavu chenye cheti cha kipimo, maana mnunuzi wa shaba hana habari na mafuta, atayamwaga palepale getini.

Kuhusu vijana wa karakana, nawasihi msianze na polisi. Nawajua. Mkipita na difenda Mwanga asubuhi, usiku mafuta yote yatakuwa korongoni, na ushahidi wenu utakuwa ziwani. Anzeni na mapipa matupu. Tangazeni wiki moja ya kupokea mafuta ya mashine bila kuuliza yalikotoka, na mpime kila pipa linaloletwa. Siku hiyo mtajua hali ya mji huu kuliko ripoti yoyote. Mashine za inveta za kuchomelea hazitumii mafuta kabisa, ni nyepesi, unabeba begani. Halmashauri ina ile asilimia kumi ya mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi watano kikikopeshwa inveta na kukabidhi mapipa yao, mmefunga karakana tano za mafuta kwa kalamu.

Na madumu. Hili sijui liko chini ya ofisi ya nani, huenda ndiyo maana hakuna anayelisemea. Dumu lililobeba mafuta ya transfoma halisafishiki kwa sabuni wala maji ya moto, kwa sababu plastiki yenyewe imeshayanywa. Mabwana na mabibi afya wapite sokoni na kwenye viwanda vidogo vya mawese waseme hivyo kwa Kiha na Kiswahili, kwa akina mama wenyewe. Shangazi wa yule kijana nilimpigia simu mimi. Alinishukuru, akaniuliza dumu jipya atanunua nani.

Nimebaki na jambo langu binafsi. Fremu ile aliyoipaka marehemu mama bado imesimama, ngumu kama siku ile, miaka arobaini na mchwa hawajaigusa. Wajukuu wangu huiegemea wakivaa viatu vya shule. Nataka kuing'oa. Kuichoma siwezi, nimewaeleza kwa nini. Kuitupa jalalani siwezi, kuna wanaookota kuni huko. Kuifukia uani siwezi, kisima kiko hatua ishirini. Nimeshaipima: ubao wa futi saba mara mbili na mmoja wa futi tatu. Nitaifunga kwenye turubai na kukodi guta kwa gharama yangu. Naomba ofisi mojawapo kati yenu inijibu niipeleke wapi.

Wenu,
Fundi mstaafu, Ujiji